Zamu ya Manowari

Chumvi ilikuwa imepanda tena.

Dada Chumvi alikitoa kipimo majini, akakifuta kwa upindo wa koti lake la kazi, akakitumbukiza upya. Kikasema vilevile. Akabadilisha betri. Kikasema vilevile. Tanki la pembeni, lile refu alimolaza bomba la shaba kutoka kwenye manowari iliyozama, lilikuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe, na maji yale alikuwa ameyajaza asubuhi ile ile kwa mpira, maji ya kunywa kabisa.

Kazi yake ndiyo iliyompa jina. Kitu kikikaa muda mrefu chini ya bahari hunywa chumvi mpaka ndani kabisa. Ukikitoa na kukianika tu, chumvi hukauka humo humo na kukipasua. Kwa hiyo hulazwa kwenye maji yasiyo na chumvi, na maji hubadilishwa, na kubadilishwa tena, mwezi kwa mwezi, mpaka chumvi iishe. Kwenye mradi wa manowari kulikuwa na watu wa kuzamia, watu wa kupiga picha na watu wa kuhojiwa redioni. Yeye alibadilisha maji. Hata Profesa aliyewaongoza alishasahau jina lake la kwenye kitambulisho.

Karakana yao zamani ilikuwa ghala la barafu la wauza samaki, na siku za joto kuta zilinuka kana kwamba bado zinawakumbuka samaki. Mchana ule hakukuwa na mtu mwingine. Wazamiaji walikuwa baharini tangu asubuhi, Profesa alikuwa kwenye kikao. Dada Chumvi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama lile bomba ndani ya maji.

Halikupaswa kuwa pale, tofauti na vitu vya kwenye matangi mengine, ambavyo wavuvi walivinasa kwenye nyavu zao. Msimamo wa mradi ulikuwa manowari iachwe ilipozama, isitolewe hata msumari, kwa sababu ndani yake walikuwamo bado mabaharia wake, mifupa juu ya mifupa. Lakini wezi wa vyuma chakavu walizamia wakalikata bomba, kisha wakalitupa mchangani wakakimbia. Mdogo wake Dada Chumvi, mzamiaji ambaye kila mtu alimwita Povu kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, ndiye aliyelikuta. Msumeno wa wezi ulikuwa umelala pembeni, na kiatu kimoja cha kuogelea.

"Sasa hawa walikurupushwa na nani?" Povu aliuliza siku ile, akicheka. "Boti ya doria imelala gereji wiki nzima."

Wakalipandisha bomba ili lisije likaibwa. Lilikuwa bomba la sauti. Zamani, kabla meli hazijawa na simu, ofisa aliyekuwa juu alipuliza kwenye mdomo wa bomba, filimbi ikalia upande wa pili, chini kabisa kwenye chumba cha injini. Wa chini akasogeza sikio, akapokea amri.

Dada Chumvi alipiga miayo mpaka taya likamuuma. Nyumbani kulikuwa na mama yao, aliyepigwa na kiharusi, upande mmoja wote hauna kazi na mdomo umeenda kando. Walipokezana kumhudumia. Povu akitoka baharini anakuja kumpokea dada yake. Dada akitoka kazini anampokea Povu. Lakini Povu alikuwa na mke na nyumba yake, na bahari haikuwa na saa za kutoka, hivyo zamu nyingi zilimwangukia dada mtu. Alikuwa amechoka kiasi ambacho mtu akimuuliza habari, anasema nzuri kabla swali halijaisha.

Filimbi ikalia.

Ililia ndani ya maji. Sauti nyembamba, yenye mapovu, kama birika linaloanza kuchemka kwenye nyumba ya jirani. Aligeuka kutazama mlango, kisha dirisha, kisha akainama juu ya tanki. Mdomo wa bomba ulikuwa ukitoa vipovu vidogo, vimoja vimoja.

"Nipokee," sauti ikasema.

Haikuwa sauti ya kutisha. Hilo ndilo alilolishangaa baadaye. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, iliyopasuka kidogo mwishoni, ikitokea mbali.

"Nipokee zamu. Nimechoka."

Akajua ni Povu. Povu aliwahi kujificha nyuma ya matangi hayo hayo akapiga kelele mpaka Profesa akamwaga chai kwenye suruali. Bila shaka alirudi mapema, amechomeka mpira mahali, anapulizia. Dada Chumvi hakuwa na nguvu hata ya kukasirika.

"Na mimi nimechoka, mdogo wangu," alijibu. "Lakini haya. Nimekupokea. Nenda kalale."

Vipovu vikakatika. Halafu kutoka kwenye bomba ikatoka pumzi moja ndefu, ndefu mno kwa kifua cha mtu yeyote, ikayatikisa maji toka mwanzo wa tanki mpaka mwisho, ikapita juu ya uso wake ikiwa na harufu ya moshi wa makaa ya mawe na magugu yaliyooza, ikaenda mpaka mlangoni, na mlango, ambao ulikuwa mzito na wa chuma tangu enzi za barafu, ukajifungua taratibu, kama unafunguliwa na mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala.

Mezani, redio ya mawasiliano ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Povu, upepo ukimvuma mdomoni.

"Dada, tuko bado huku kwenye boya, tutachelewa. Unisaidie kwa mama leo, nakuomba. Dada? Unanisikia?"

Alikitumbukiza kipimo kwenye tanki. Chumvi haikuwapo kabisa.

*

Alipofika nyumbani, jirani aliyekuwa akimkalia mama alimpokea mlangoni, viatu tayari mguuni.

"Mgeni wako amelala," jirani alisema. "Sikutaka kumsumbua. Lakini huyo mtu anakoroma!"

"Mgeni gani?"

"Aliye chumbani kwako. Si ulimtuma? Nimesikia mlango, halafu kitanda, halafu ndio hivyo."

Mkoromo ulisikika mpaka ukumbini. Ulikuwa wa chini, wa taratibu, unavuta kwa kina na kuachia kwa kina, na mwisho wa kila pumzi kulikuwa na kitu kama maji yanayozunguka ndani ya pipa. Dada Chumvi alichukua mwiko wa jikoni, kwa kukosa kitu kingine, akasukuma mlango wa chumba chake.

Kitandani hakukuwa na mtu. Godoro lilikuwa limebonyea kuanzia kwenye mto wa kichwa mpaka chini, na bado miguu ilikuwa haijatosha, maana ubao wa mwisho wa kitanda nao ulikuwa umepinda kwa nje. Shuka lilikuwa limelowa. Bonde lile la godoro lilipanda na kushuka, likipanda na kushuka, sawasawa na mkoromo.

Alifunga mlango. Jirani alikuwa ameshaondoka. Mama yake, kwenye kiti chake cha matairi, alimtazama kwa lile jicho lililokuwa zima.

"Nani... amelala... kwako?" mama aliuliza, neno likitoka kwa kusukumwa.

"Hakuna mtu, mama."

"Mwache," mama alisema. "Amechoka sana... huyo."

Tangu siku hiyo Dada Chumvi hakulala. Si kwamba alilala vibaya, hakulala kabisa. Alijinyoosha kwenye kochi la sebuleni, na kila macho yalipokaribia kukutana, filimbi ililia ndani ya sikio, fupi na kali, naye alijikuta amesimama wima, mikono ubavuni, uso umeelekea baharini ingawa dirisha lile lilitazama ukuta wa jirani. Alianza kuyajua mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Alijua mkondo umegeuka. Alijua samaki mkubwa anapita chini ya boya. Alijua mlango wa chumba cha injini umefungwa kwa nje, na alijua nani yuko nyuma yake, kila mmoja mahali pake, na kwamba walikuwa wanamtegemea.

Na kadiri yeye alivyokuwa macho, ndivyo nyumba ilivyolala. Ilianza na nzi. Aliwakuta ukutani wameganda, akawafagia kama makombo, na kwenye kizoleo wakaanza kutikisa mabawa. Paka wa jirani aliingia kunusanusa akaanguka kwenye zulia, akawa wa kubebwa. Mama naye alianza kusinzia katikati ya chakula, kijiko kikiwa bado mdomoni, kisha akawa haamki mchana, kisha akawa wa kuamshwa kwa kitambaa cha maji baridi, akifungua jicho, akimeza kidogo, akirudi zake. Alikuwa anakonda. Daktari wa zahanati alikuja akasema wagonjwa wa namna hii hufika hatua hiyo, akaandika dawa, akapiga miayo, akaomba kuketi. Ilibidi Dada Chumvi amtikise bega ili aondoke.

Naye aliyekuwa chumbani alikoroma.

*

Povu aliporudi kutoka safari ya kazi ya siku kadhaa kwenye visiwa vya mbali hakuja na maneno mengi, na hiyo peke yake ilikuwa habari.

"Wameichuna," alisema akiwa bado mlangoni. "Manowari. Wamekuja mchana kweupe na boti ya winchi, wakachukua rafadha, lile panga kubwa la shaba la kusukumia meli. Wamekata ubavu. Mifupa imetapakaa mchangani, dada. Profesa amekaa ofisini hata taa hajawasha."

"Najua," Dada Chumvi alisema. "Nimewaona."

"Umewaona wapi?"

"Nilipiga kelele lakini hawakunisikia. Sijui anavyowafukuza. Hakunifundisha."

Ndipo Povu alipomtazama vizuri. Macho ya dada yake yalikuwa mekundu na makavu, midomo imepasuka, na kwenye nyusi palikuwa na unga mweupe aliodhani ni sabuni mpaka alipougusa kwa kidole na kuuonja. Ilikuwa chumvi.

"Dada, umelala lini?"

Alimsimulia yote, amesimama, kwa sababu kukaa kulikuwa kugumu zaidi. Povu alicheka mwanzoni, kwa mazoea. Kisha mkoromo ukasikika. Alikwenda mwenyewe mpaka chumbani, akafungua, akaingia hatua moja. Alitoka kinyumenyume.

"Nani tunamwita?" alinong'ona.

"Sijui. Sina akili ya kufikiri. Fikiri wewe."

Povu alimfikiria Mama Magodoro. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshona magodoro kwenye kibanda nyuma ya stendi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kwa watu waliomjua alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuiwekea kibao. Alikuja jioni ile ile, nyuzi za pamba zikiwa zimemganda kwenye nywele.

"Shikamoo, mama," walimwamkia.

"Marahaba. Yuko wapi? Nimesimama tangu asubuhi, msinizungushe."

Aliwasikiliza huku akilegeza viatu. Akamwagiza Povu alete lile bomba kutoka karakana, na Povu akaenda kulichukua kwa gari la kazi, limefungwa magunia mabichi lisikauke. Wakalilaza ukumbini. Kisha Mama Magodoro akaingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda kama mtu anayemtembelea mgonjwa, akalibonyeza godoro kwa kidole.

"Limekwisha hili," alisema. "Haya, bwana. Amka tuongee."

Mkoromo ulisimama.

Nyumba yote ilikaa kimya, na katika kimya kile waliisikia pumzi ya mama yao mgonjwa ikibadilika sebuleni. Dada Chumvi alikimbilia huko. Mama alikuwa ameketi wima kwenye kiti chake. Macho yalikuwa yamefumba. Lakini mdomo wake, ule mdomo uliokuwa umeenda kando tangu siku ya kiharusi, ulikuwa umenyooka, umerudi katikati, mzuri kama ulivyokuwa kwenye picha za ujana wake, na kutoka humo ikatoka ile sauti iliyochoka.

"Mnaniamshia nini?"

Povu alishika mkono wa dada yake. Mama Magodoro alikuja taratibu, akavuta kigoda.

"Wewe ni wa wapi?" aliuliza.

"Sina kwetu. Nilikuwa napita," sauti ilisema. "Niliona taa za meli, nikaingia kuchungulia. Humo bombani palikuwa na joto, na mazungumzo. Napenda mazungumzo ya watu. Halafu meli ikapigwa. Maji yakaingia, wale wa chini wakalia, wakagonga mlango, wakaacha kugonga. Yule wa juu akaweka mdomo kwenye bomba akasema, shika zamu mpaka upokewe. Hakukuwa tena na mtu wa kumjibu. Nikajibu mimi. Nilimwiga mtu wa chini tu, kwa utani. Nikasema, nimeshika."

Mdomo wa mama ukapiga miayo.

"Yeye hakutania," ikasema. "Neno likanifunga. Yeye akafa, na mimi nikabaki na zamu. Kila aliyekuja pale nimemfukuza. Kila mmoja. Sikufumba jicho. Nimewaita wapita njia, nimewaita wavuvi, nimewaita wezi wenyewe wanipokee, wote wanakimbia. Huyu peke yake ndiye aliyesema, haya, nenda kalale. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo."

Dada Chumvi aliona aibu kwamba macho yake makavu yalikuwa yanamchoma. Alimwelewa. Hilo lilimtisha kuliko godoro.

"Sawa," Mama Magodoro alisema. "Umelala. Lakini ukilala wewe, na nyumba inalala. Huyu mzee unayemtumia mdomo hajala chakula cha maana. Na huyu binti atakufa kabla yake."

"Siui mtu. Nalala."

"Rudi kwenye meli yako."

"Nimechoka."

"Nani hajachoka?" Mama Magodoro alisema, kwa sauti ile ile ya kujibizana na mteja. "Mimi miguu imevimba hapa. Rudi."

"Amenipokea. Neno limetoka."

Hapo Mama Magodoro alivua miwani, akafikiri. Kisha akamvuta Dada Chumvi pembeni.

"Mwanangu, neno lako siwezi kulirudisha mdomoni mwako," alinong'ona. "Lakini kumtoa humu ndani tunaweza. Sasa hivi wewe ndiye uko zamu, siyo yeye. Aliye zamu ndiye mwenye amri. Lipulize lile bomba, mwamuru."

"Nimwamuru nini? Sijui amri za meli."

"Mwambie kama unavyomwamsha mdogo wako."

Dada Chumvi alipiga magoti ukumbini, akafunua magunia. Shaba ilikuwa baridi kama barafu. Aliweka midomo yake iliyopasuka, akavuta pumzi ambayo hakujua kama anayo, akapuliza. Filimbi ililia. Haikulia kama ile ya majini safari hii. Ilipasua nyumba kutoka sebuleni mpaka jikoni, paka wa jirani akaruka huko nje, vikombe vikatikisika kabatini.

"Inuka!" alisema, na sauti ikamtoka nzito, isiyo yake. "Nenda melini!"

Kutoka chumbani walisikia kitanda kikilia kwa kuachwa. Kisha nyayo. Hawakuona kitu ila alama za maji zikitokea sakafuni moja baada ya nyingine, pana, zenye vidole virefu, zikija ukumbini bila haraka, zikiburuta kidogo kama za mtu asiyetaka kwenda, na zilipompita Povu zilisimama, zikakaa pale mbele yake kwa muda, maji yakitandaa kuzunguka viatu vyake, ilhali Povu akitweta na kukazia macho dari, kisha zikaendelea mpaka kwenye bomba, na bomba likapata uzito ghafla, magunia yakabonyea, vigae vya sakafu vikapasuka chini yake.

Sebuleni mama alikohoa. Mdomo wake ulikuwa umerudi kando.

"Maji," alisema, kwa shida. "Nina... njaa pia."

Dada Chumvi alimkumbatia, akaubusu ule mdomo uliopinda.

Mama Magodoro alikuwa anavaa viatu. "Lirudisheni bomba mahali lilipokatwa," alimwambia Povu. "Ukilifikisha, mwambie, zamu ni yako, ulipewa wewe. Ataomba. Usijibu. Atalia, atasema kwa sauti ya mama yako, usijibu. Subiri mpaka anyamaze, kisha panda juu. Mimi siwezi kwenda na wewe. Sijui kuogelea."

*

Profesa hakuuliza maswali. Alisema tu kwamba bomba lile tangu mwanzo halikupaswa kutoka kule, akatia sahihi, akaja nao mpaka kwenye boti akiwa na koti la mvua siku isiyo na wingu. Ilikuwa asubuhi. Bahari ilikuwa shwari. Dada Chumvi aliketi sakafuni mwa boti, mgongo kwenye fungu la kamba, akiwa wima kama mlingoti kwa sababu filimbi haikumpa nafasi.

Povu alivaa mtungi wa hewa. Bomba liliteremshwa kwa winchi, na winchi ililalamika kana kwamba imebeba gari.

"Usijibu," dada yake alimwambia.

"Mimi? Mimi sijibu mtu," Povu alisema, akamkonyeza, akajitupa kwa mgongo.

Mapovu yake yalipanda juu, mengi, kwa utaratibu. Dada Chumvi aliyatazama. Alijua Povu yuko wapi bila kuona. Alimfuata mpaka kwenye ubavu uliokatwa, mpaka kwenye mchanga wenye mifupa. Kisha mapovu yakakatika.

Profesa aliinuka. Msimamizi wa boti aliangalia saa, akaanza kuvua shati. Maji yalikuwa laini, bila hata kipovu kimoja. Dada Chumvi alifungua mdomo apige kelele, na kelele haikutoka, kwa sababu kitu kilichokuwa kimemkaza tangu siku ile kwenye tanki kilikatika kama uzi, na usingizi ukamwangukia wote kwa pamoja, kichwa kikagonga kamba. Kitu cha mwisho alichokiona ni mapovu yakianza tena.

Alilala mpaka kesho yake jioni. Alipozinduka alikuwa kitandani kwake, godoro jipya, zawadi ya Mama Magodoro, na mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake akimtazama.

"Umekoroma," mama alisema, akacheka kwa upande mmoja.

Mambo yakatulia. Wezi walirudi mara moja kwenye manowari, wakaonekana wakiikimbia boti yao wenyewe kwa kuogelea, na hawakurudi tena. Profesa alipata nguvu ya kuikusanya ile mifupa na kuifunika kwa mchanga. Kipimo cha chumvi kwenye matangi mengine kilishuka kila siku, kama inavyotakiwa. Povu alikuja kumpokea dada yake kwa wakati, alimlisha mama, alifua. Dada Chumvi alikuwa amelala vizuri kiasi kwamba hakugundua kuwa mdogo wake amekuwa mtu wa maneno machache.

Ilikuwa alfajiri wifi yake alipopiga simu.

"Wifi, samahani kukuamsha. Njoo umwone ndugu yako."

"Anaumwa?"

"Haumwi." Mke wa Povu alikuwa anazungumza chini chini, mkono umeziba simu. "Halali, wifi. Tangu mrudi kule. Mwanzo nilidhani anawahi kuamka. Anasimama tu. Hapa ninapoongea amesimama."

Dada Chumvi alivaa kanga juu ya nguo ya kulalia, akaenda. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Povu alikuwa sebuleni kwake, mikono ubavuni, uso umeelekea kwenye kabati la vyombo, ambalo nyuma yake, mbali huko, ilikuwa bahari. Nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Ulimjibu," dada yake alisema.

Povu hakugeuka.

"Aligoma, dada. Nilisema maneno yote niliyoambiwa. Akawa analia tu, kama mtoto. Akaniambia, basi dada yako atabaki." Alilamba midomo. "Nilitoa kifaa cha hewa mdomoni, nikaweka mdomo kwenye bomba. Tumekubaliana alale kule kule chini, asije nyumbani kwa mtu. Ameahidi. Na kufukuza watu amenifundisha. Siyo kazi ngumu. Ni ndefu tu."

Dada Chumvi alisogea mpaka akasimama mbele yake, akaushika uso wake kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi, umelowa.

"Mdogo wangu," alisema. "Haya, mimi nime..."

Kiganja cha Povu kilimfunika mdomo kabla neno halijaisha. Kilikuwa na nguvu, na kilinuka makaa ya mawe.

"Usiseme," Povu alinong'ona. "Hilo neno usiliseme mbele yangu, dada. Kamwe. Nitaliitikia."

Walikaa hivyo mpaka dada mtu alipoacha kusukumana na kile kiganja. Wifi yake alileta chai, akaiweka mezani, akarudi jikoni. Dada Chumvi aliketi kwenye kochi karibu na miguu ya mdogo wake, akaamua kukaa naye, asiondoke, asifumbe jicho, angalau siku hiyo moja. Alijibana mkono. Alisimama akatembea, akaketi tena. Jua lilipoingia dirishani na kumpiga magotini, macho yake yalianza kuwa mazito, akayalazimisha, yakafumba, na hakuna filimbi iliyolia.

Povu, bila kuondoa uso wake kwenye kabati, alinyoosha mkono akavuta kanga, akamfunika dada yake mabega.